Malori yakihama, nyama choma nayo huhama

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, akapita Nairobi na Kampala, kisha akarejea nchini kwa Mutukula, hukutana njiani na majiko ya nyama choma yenye sifa kubwa kuliko mengine Afrika Mashariki. Hata hivyo, aliyekaa ughaibuni miaka mingi akarudi leo na kumbukumbu ya pale alipokula zamani, anaweza kukuta mabanda matupu na majivu ya juzi.

Sababu yake ni nyepesi. Nyama nzuri ya njiani hutaka mambo mawili: mifugo iwe karibu na magari yasimame. Mbuzi aliyechinjwa asubuhi akaisha jioni ndiye mtamu, na hawezi kuisha kama hakuna basi wala lori linaloegesha. La mifugo huamuliwa na mvua na minada. La magari huamuliwa na serikali, na hapo ndipo maisha ya wachoma nyama yalipo.

Tuanzie Kajiado, Kenya. Kutoka Namanga kwenda Nairobi barabara inapita Bissil, penye mnada mkubwa wa mifugo ya Wamasai. Mbuzi hajasafiri mbali, na anayechoma hana haja ya kuficha chochote kwa viungo. Chumvi yatosha.

Lakini jina linalotajwa zaidi katika barabara ya Nairobi kwenda Nakuru ni Kikopey, karibu na Gilgil, jirani na Ziwa Elmenteita. Hapo mteja huchagua kipande kikiwa kibichi, kikapimwa mbele yake, kisha akasubiri. Nyama huletwa juu ya ubao, ikakatwakatwa hapohapo, pamoja na ugali na kachumbari. Mgeni akumbuke kwamba kilo inayolipiwa ni ya nyama mbichi. Ikitoka motoni imepungua, na ugomvi mwingi wa mezani huanzia hapo. Asiyetaka kusubiri asiagize mbuzi, kwani anayeletewa kwa dakika chache kapewa iliyochomwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Novemba 2025 Kenya ilizindua upanuzi wa barabara hiyo, kuanzia Rironi hadi Mau Summit, iwe ya pande mbili zilizotenganishwa na ya kulipiwa. Kwa wenye malori ni habari njema, kwani foleni za hapo zinajulikana. Kwa wachoma nyama haina uhakika huo. Katika barabara ya namna hiyo, anayetoka Nakuru hawezi tu kukata kona na kuegesha upande wa pili, na biashara iliyojengwa kwa miaka mingi itategemea mahali ambapo wahandisi wataweka njia ya kuchepuka.

Ukivuka Malaba au Busia na kuingia Uganda, mtindo hubadilika. Nyama huitwa muchomo, nayo ndiyo inayomfuata mteja. Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira, na Namawojjolo, kabla ya Mukono, wauzaji hukimbilia madirisha ya basi wakiwa na kuku na nyama kwenye vijiti, pamoja na gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma. Kuna dakika chache tu za kupatana bei. Gusa kijiti kwanza. Kikiwa baridi, acha.

Lukaya, katika barabara ya Kampala kwenda Masaka, huishi kwa mtindo huohuo, na yaliyoipata ni funzo. Mei 2023 daraja la mto Katonga liliharibiwa na mafuriko, magari yakazungushwa kwa Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Njia hiyo inaikwepa Lukaya kabisa. Mkaa ulikuwepo na mbuzi walikuwepo. Wateja walikuwa wakipita mbali.

Mipakani mambo yamekuwa magumu zaidi kuyapima. Mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 na kufunguliwa Januari 31, 2022. Kwa jiko la mpakani, karibu miaka mitatu ni sawa na kufa. Kwa upande mwingine, vituo vya huduma kwa pamoja vilivyozinduliwa Mutukula mwaka 2017, kisha Busia na Namanga mwaka 2018, vilikusudiwa kumwezesha dereva kumaliza forodha na uhamiaji mahali pamoja na kuondoka. Mwenye mzigo anashangilia. Mama aliyekuwa akimlisha dereva huyo kwa siku mbili akingoja karatasi, yeye hakuulizwa, wala sijasikia kikao cha Jumuiya kilichomjadili. Sisemi foleni zirudi, ila maegesho ya malori na vibanda vyenye maji vingeweza kuwekwa katika michoro ileile ya barabara na vituo.

Kwa anayesafiri wiki hii, kigezo ni maegesho. Pale malori yenye namba za nchi tatu yamesimama mchana, simama nawe. Uliza bei kabla ya kupimiwa, na uliza ni kwa shilingi ya nchi gani, maana karibu na mipaka zote huitwa shilingi. Nyama mbichi usiibebe kuvuka mpaka bila kibali cha mifugo. Na anayerudi kwa Mutukula ale Lukaya, kabla ya Masaka.