Gololi Haikuishiwa Nguvu: Rai Juu ya Kufundisha Inesha

Katika masomo ya sayansi, hapana kanuni inayokaririwa kwa urahisi na kuaminiwa kwa shida kama kanuni ya kwanza ya mwendo ya Newton. Mwanafunzi husema bila kusita kwamba kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kitu kiendacho huendelea kwenda katika mstari ulionyooka kwa kasi ile ile, isipokuwa kani ya nje ikibadilishe hali hiyo. Lakini mwalimu akibingirisha gololi sakafuni na kumwuliza mwanafunzi huyo huyo kwa nini imesimama, atajibiwa: "Imeishiwa nguvu." Jibu la kwanza ni la mtihani, la pili ndilo analoliamini. Rai yangu ni kwamba somo la inesha lisianze kwa kanuni kuandikwa ubaoni, bali lianze kwa jibu hilo la pili.

Jibu hilo si la kijinga. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu kinachosukumwa huenda maadamu kuna kinachokisukuma, na wasomi wengi walimfuata kwa karne nyingi. Kila aliyesukuma mkokoteni angekubaliana naye. Ilihitajika kazi ya Galileo, aliyechapisha kitabu chake juu ya mwendo mwaka 1638, na ya Newton mwaka 1687, ili fikira hiyo ing'oke. Hata hivyo haikung'oka vichwani mwa wote. Mwaka 1982 mtafiti John Clement wa Marekani alionyesha kwamba wanafunzi wengi wa uhandisi, walipoulizwa juu ya sarafu iliyorushwa juu, walidhani kani ya mkono ingali inaisukuma wakati inapopanda.

Lugha yetu nayo ina sehemu yake. Neno "nguvu" hubeba mizigo mingi: chakula hutia nguvu, betri huishiwa nguvu, na mtu husukuma kwa nguvu. Fizikia hutenganisha kani na nishati, lakini mtoto huja darasani akiwa na neno moja. Kwake yeye, mkono umetia akiba ndani ya gololi, na akiba hiyo hutumika kidogo kidogo kama mafuta ya taa katika kibatari. Mwalimu na abainishe kwamba kani ya mkono hukoma mara gololi inapoachana na kidole. Ni kweli kwamba nishati ya mwendo wa gololi hupungua. Lakini haiishi yenyewe. Msuguano ndio unaoipokonya na kuigeuza joto.

Basi swali la kwanza la somo lisiwe "Ni nini kinachoiendesha gololi?" bali "Ni nini kilichoisimamisha?" Vifaa ni vichache: ubao ulioinamishwa, gololi moja, mchanga, kanga iliyotandazwa, na sakafu ya saruji. Gololi iachiliwe kutoka kimo kile kile kila mara. Kabla ya kila jaribio wanafunzi waandike wanachotazamia, kisha wapime umbali. Wakiisha kuona kwamba imekwama mchangani na kufika mbali sarujini, waulizwe: ikiwa nguvu iliyopewa ni ile ile, kwa nini iishe upesi hapa na ichelewe pale? Ndipo lije swali la Galileo: ingefika wapi kama pasingalikuwa na kizuizi chochote? Mfano upo angani. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kwa takriban kilomita 17 kwa sekunde, wala hapana injini inayokisukuma mbele. Mvuto wa Jua hupunguza kasi yake kidogo tu.

Wako watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Nami najibu kwamba kanuni ya pili, inayohusisha kani na mchapuko, haina pa kusimama ikiwa mwanafunzi bado anahusisha kani na kasi. Kipindi kimoja kinachotumiwa hapa huokoa vingi huko mbele.

Tena hili si jambo la mtihani peke yake. Dereva akifunga breki ghafula, abiria husema ametupwa mbele. Hakutupwa, gari limesimamishwa, naye ameendelea na mwendo aliokuwa nao. Tuchukue mama aliyempakata mtoto wa kilo 10 katika gari liendalo kilomita 36 kwa saa, likagonga na kusimama katika umbali wa nusu mita. Ili mtoto asimame pamoja na gari hilo, mikono ya mama yapaswa kutoa kani ya wastani ipatayo nyutoni 1,000, yaani kama kuinua gunia la mahindi la kilo 100. Hapana mapenzi ya mzazi yawezayo kufanya hivyo, mkanda waweza.

Mwanafunzi aliyekariri kanuni atapata alama zake na kupanda gari bila kufunga mkanda. Aliyeielewa ataufunga, na atamfungia na mdogo wake. Walimu wa sayansi tuna wajibu wa kutoa wanafunzi wa namna hii ya pili, na kazi hiyo huanza kwa kusikiliza kwa makini mtoto anaposema kwamba gololi imeishiwa nguvu.