Yai la Kienyeji au la Gredi? Jibu kwa Mama wa Karatina



Juma hili twaanza na barua ya mama mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Karatina. Mwanawe ana umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, na kliniki imeona kuwa uzito wake haupandi ipasavyo. Muuguzi alimshauri ampe yai kila siku. Yeye humpa mara mbili tu kwa juma, kwa kuwa jirani zake wamemhakikishia kwamba yai la gredi ni dawa tupu na kwamba mtoto hafai kula ila la kienyeji, ambalo sokoni kwao hukaribia bei maradufu. Auliza: je, asubiri hadi mumewe apate uwezo wa kununua ya kienyeji kila siku?

Twamjibu kabla ya lolote jingine: asisubiri.

Yai la kuku la kadiri lina takriban gramu 6 za protini iliyo bora, liwe la gredi au la kienyeji. Tofauti ipo, wala hatuikanushi. Kuku azururaye juani akidonoa majani na wadudu hutaga yai ambalo kiini chake chaweza kuwa na vitamini D na E kwa wingi zaidi. Lakini yai hilo mara nyingi huwa dogo, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kwa mtoto huyu, mayai 7 ya gredi kwa juma yanafaa kuliko 2 ya kienyeji.

Hofu ya dawa si upuuzi. Kuku anapotibiwa, dawa nyingi huwa na siku maalumu ambazo mayai yake hayapaswi kuliwa, na si kila mfugaji azihesabuye. Hata hivyo kuku wa kienyeji naye hutibiwa, basi jina la kienyeji pekee si dhamana. Nyeri na viunga vyake vimejaa wafugaji wadogo. Mama huyu na atafute mmoja amjuaye, amuulize bila ya haya.

Asidanganyike kwa rangi pia. Ganda hufuata mbegu ya kuku. Kiini hufuata chakula: mahindi ya manjano na majani mabichi hukikoleza, mahindi meupe hukififiza, na kuku wa gredi akitupiwa sukumawiki hutaga yai lenye kiini cha kupendeza.

Wengi wetu twaikumbuka homa ya kware ya mwaka 2013. Yai lisilozidi gramu 10 au zaidi kidogo liliuzwa kwa bei ya mayai kadhaa ya kuku, likinadiwa kuwa tiba ya kisukari, ya shinikizo la damu na ya mengi tusiyoweza kuyaandika katika jarida la familia. Watu walikimbilia leseni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na mwaka uliofuata bei ikaporomoka wakabaki na ndege wao. Yai la kware ni chakula kizuri, ila huhitaji kama 5 kulifikia moja la kuku.

Ama ladha, hapo twakiri udhaifu wetu. Tulipozuru Nyeri tulikaa kwa wenyeji wetu wa Majengo, tukawafumba watoto macho na kuwaonjesha mayai ya kuchemsha ya aina zote mbili. Watatu kati ya watano walikosea. Sisi wakubwa tulijisifu kuwa tungetambua; hatukujaribu. Likikaangwa, la kienyeji twaona lina utamu mzito zaidi. La bata ni kubwa na lina mafuta mengi; harufu yake huwashinda wengine likichemshwa, lakini katika mkate wa mayai wenye iliki hatujaona mfano wake.

Safari hiyo ilitufunza jambo jingine. Mayai tuliyoyachemsha kwa dakika za Mombasa yalitoka na kiini kibichi, na bibi mwenye nyumba akatucheka. Nyeri ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo yai huchelewa kuiva. Mama wa Karatina na aongeze dakika tatu au nne, kwani yai la mtoto lapasa kuiva hadi kiini kigande. Aliponde kwa uma pamoja na kiazi au ndizi na maziwa kidogo. Midomo ikivimba au mwili ukitoka vipele, asimame na kumpeleka hospitali upesi.

Na baada ya mwezi amrudishe kliniki kwenye mizani. Uzito ukiwa haujapanda ijapokuwa yai halikukosekana, awaombe wamchunguze mtoto minyoo, na maradhi mengine yasiyotibika kwa chakula.