Kituo cha data kikija Olkaria, wewe utakuwa getini au ndani?

Ushawahi kupanda Longonot? Ukifika juu kwenye ukingo wa kreta, tazama magharibi. Ule moshi mweupe unaouona kwa mbali si wa moto. Ni mvuke wa Olkaria, unaozungusha mitambo inayowasha taa hadi chumbani kwako.

Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Marekani, kampuni za Microsoft na G42 ya Milki za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa Kenya. Ndani yake kuna kituo cha data hapo Olkaria, kitakachotumia umeme wa mvuke. Awamu ya kwanza ilitajwa kuwa megawati 100, na lengo la mbele ni gigawati 1.

Hebu tupige hesabu. Umeme wote wa mvuke ambao Kenya imejenga tangu 1981 ni megawati 900 na ushee. Kumaanisha hiyo gigawati 1 inazidi kila kisima na kila mtambo tulio nao. Ndiyo maana swali la kwanza la watu huwa, umeme utatosha? Ni swali zuri. Lakini kwako wewe kijana wa Naivasha, Maai Mahiu au Nakuru mjini, kuna lingine linalouma zaidi: kazi zitakuwa za nani?

Usidanganyike na picha za uzinduzi. Kituo cha data kikishajengwa hakiajiri watu wengi. Wakati wa mjengo vibarua huwa tele. Mjengo ukiisha, hubaki walinzi, mafundi wa umeme na wa kupoza mitambo, na kikundi kidogo kinachojua kinachoendelea ndani ya seva. Hicho kikundi kidogo ndicho chenye mshahara mnono, na si lazima kiishi hapa. Kinaweza kukaa Dubai na kuendesha seva za Olkaria kwa mtandao.

Ndani ya seva kuna nini?

Seva nyingi duniani huendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Moyo wake unaitwa keneli. Ifikirie kama msimamizi wa steji ya matatu: ndiyo huamua programu gani ipakie sasa, gani ingoje, na nani apewe nafasi kwenye kumbukumbu. Steji ikiwa na msimamizi mbovu, hata magari mapya yatakwama.

Keneli huandikwa na binadamu, kisha programu iitwayo kompaila huigeuza kuwa lugha ya mashine. Kabla kompaila haijaanza kazi, unaipa maagizo mafupi yanayoitwa flegi. Ni kama kwa fundi cherehani. Kitambaa ni kilekile, lakini wewe ndiye unayesema suruali ibane au ilegee, na mifuko iwe mingapi.

Sasa angalia jinsi maagizo hayo madogo yanavyogeuka pesa na usalama.

Kuna flegi ya -O2, ambayo ndiyo ya kawaida kwa keneli. Kuna -O3, inayoiambia kompaila ijikaze zaidi kutafuta kasi. Mgeni ataona 3 ni kubwa kuliko 2, basi aiweke. Lakini -O3 mara nyingi hunenepesha programu, na kasi yenyewe haina uhakika. Mwaka 2022 Torvalds mwenyewe alipinga wazo la kuifanya itumike kwenye keneli.

Kuna -march=native, inayoshona keneli kwa vipimo vya prosesa uliyo nayo. Safi kabisa, hadi uichukue keneli hiyo uiweke kwenye mashine ya zamani isiyojua maagizo ya prosesa mpya. Hapo inaweza kukataa kuwaka.

Halafu kuna ulinzi. Januari 2018 dunia iligundua udhaifu uliopewa jina Spectre, ulioruhusu programu moja kuchungulia siri za nyingine kupitia prosesa. Dawa mojawapo, Retpoline, huwekwa na kompaila wakati keneli inajengwa. Inapunguza kasi kidogo. Fundi anaweza kuizima ili seva zikimbie. Lakini kituo cha data ni kama ploti yenye wapangaji wengi: kuta zikiwa nyembamba, jirani anasikia kila kitu. Ikiwa humo mtahifadhiwa rekodi za hospitali au benki yako, je, hutaki kuwe na mtu wa hapa anayeelewa nani amezima nini, na kwa nini?

Na umeme je? Januari 2025 Linux toleo 6.13 ilitoka na badiliko lililotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Ni mistari kama 30 tu ya msimbo, ambayo kwa baadhi ya kazi za mtandao inaweza kupunguza matumizi ya nishati hadi asilimia 30. Lakini haijiwashi yenyewe. Lazima awepo mtu anayejua kwamba ipo, na anayejua kuitumia. Kwenye kituo cha megawati 100, mtu huyo si wa kupuuzwa.

Tumewahi kufanya hivi

Mwaka 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot kilianza kutuunganisha na dunia. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa 2009, umuhimu wake ukashuka. Mtambo huzeeka. Ujuzi huhama na mwenyewe.

Tazama Olkaria yenyewe. Ilianza 1981 na mtambo mmoja wa megawati 15, tukiwategemea sana wataalamu wa nje. Leo KenGen imeenda kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Hatukubaki getini kuwalinda wageni. Tulijifunza hadi tukawa tunauza ujuzi. Lakini ilichukua miaka, na watu walipelekwa kusoma kwa makusudi.

Kwa hivyo kaunti ya Nakuru na wabunge wa hapa wakiitwa kuzungumzia mradi huu, wasiulize tu ni ajira ngapi. Waulize ni nafasi ngapi za uhandisi wa seva, nani atafunzwa, na yaandikwe kwenye mkataba. Hata mradi ukichelewa au ukibadilika, swali ni hilohilo kwa utakaofuata.

Wewe usingoje mkataba. Msimbo wa keneli ni bure. Laptopu ya ex-UK yenye nafasi ya kutosha kwenye diski inatosha kuanza. Weka Linux, pakua msimbo, chomeka flashi, washa WiFi na kila kifaa unachotumia, kisha andika make localmodconfig. Amri hiyo huacha tu vitu ambavyo mashine yako inatumia wakati huo, ndiyo maana kifaa ulichosahau kuchomeka kinaweza kukosekana. Sasa andika make -j4 uende ukanywe chai, maana itachukua muda. Usifute keneli ya zamani, itakuokoa ile mpya ikigoma. Na itagoma, mara ya kwanza au ya tano. Soma kosa, badilisha flegi moja tu, jaribu tena, andika kwenye daftari umeona nini.

Je, hii itakupa kazi kesho? Hapana. Lakini siku msimamizi atakapouliza kwa nini seva zinakula umeme mwingi, daftari hilo litakuwa na jibu ambalo cheti peke yake hakina.