Mto Hauanzi Jangwani

Ndugu waandishi wenzangu, nina ugomvi na ninyi, na nitausema hapahapa ukurasani ili mwenye kujibu ajibu.

Kila mvua kubwa inapopiga Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, nausikia wimbo uleule: watu wa mabondeni ni wakaidi, wameambiwa wahame hawasikii. Hata kwenye hadithi zenu wimbo huo umo. Kuna mlevi wa bondeni, nyumba yake inasombwa, mwandishi anafunga na asiyesikia la mkuu. Basi, hadithi imekwisha, tukalale.

Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo wa kivivu. Msimbazi hauanzi Jangwani. Unaanza kwenye vilima vya Pugu huko Kisarawe, unateremka kiasi cha kilomita 35, njiani unapokea maji ya Ubungo na Sinza, ndipo unapita Jangwani kwenda kumwaga baharini pale Daraja la Salenda. Mafuriko ya bondeni hupikwa juu, yakapakuliwa chini.

Hebu tuwahesabu wapishi. Wa kwanza ni mchoma mkaa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa miaka nenda rudi. Chini ya miti, majani makavu na mizizi huinywa mvua na kuiachia polepole. Ukikata, ardhi inabaki uchi, na mvua ileile inateremka kwa kishindo pamoja na udongo. Udongo huo unakuja kutulia Jangwani, ambako mto umelala hauna mteremko. Kina kinapungua, na mvua ijayo, hata ikiwa ya wastani, maji hayana pa kukaa. Na mkaa wenyewe unakwenda wapi? Asubuhi hii mimi nimeuchemshia chai.

Wa pili ni sisi wachimba mchanga. Nasema sisi kwa sababu nilipomaliza Kidato cha Nne, kazi hakuna, nilifanya kibarua cha kupakia mchanga wa mtoni kwenye malori. Tuliikwangua kingo kutoka miguuni, mvua ikaja, kingo zikaanguka, mto ukatanuka hadi ukala choo cha jirani. Mchanga ule ulijenga nyumba za bondeni? Thubutu! Ulipanda juu, kwenye majumba yenye mageti.

Wa tatu ni huyo mwenye geti. Nina mjomba anakaa kilimani, ua wote kausakafia, hakuna hata pa kuchomeka mchicha. Siku moja mvua inanyesha nikamuuliza, "Mjomba, maji haya ya bati yanakwenda wapi?"

Akacheka. "Yatajijua yenyewe, mjomba. Hapa hayakai."

Hayakai kweli. Yanaingia mtaroni, yanakutana na mifuko ya taka na kinyesi cha wanaosubiri mvua watapishe vyoo, kisha yote yanateremka kwa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa bibi yangu. Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu wasiopungua 40 jijini, nilikuwa na miaka 10, na bibi alilala juu ya paa la nyumba yake bondeni Kigogo. Asubuhi alituambia, "Wajukuu zangu, mto wangu naujua. Maji haya siyajui." Hakuwahi kukata mti Pugu wala kupakia lori la mchanga. Ila aliyeitwa mkaidi ni yeye, na mimi niliyekuja kupakia mchanga sijaitwa chochote.

Sisemi watu wajenge mtoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na ina sababu. Wala sipingi mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao mwaka 2022 Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200. Watu wahamishwe kwa fidia, daraja lijengwe, heri. Ila daraja hata liwe refu vipi halizuii udongo kutoka Pugu. Mita 60 zinapimwa ukingoni, tena kwa futi kamba. Ua wa mjomba nani anaupima?

Hapo ndipo kalamu zetu zinapotakiwa, jamani. Mtu wa ofisini anaweza kusema eneo lake linaishia kwenye mpaka wa wilaya. Mwandishi hana mpaka huo. Akitaka anaweza kulifuata tone moja la mvua kutoka kilimani hadi kwenye godoro la mtoto bondeni, na kumtaja kila aliyelisukuma njiani. Badala yake tunaanzia kwenye godoro lililolowa na kumlaumu aliyelalia.

Riwaya yangu nayo ilianza hivyohivyo, na mafuriko bondeni. Nimezichana sura tatu. Sasa inaanza na gunia la mkaa linalopakiwa kwenye baiskeli alfajiri huko Kisarawe, na mnunuzi wake ni kijana mwenye cheti cha Kidato cha Nne.

Anayebisha alete hoja. Ila kabla hajashika kalamu, atoke nje mvua inaponyesha, ayafuate maji ya bati lake, aone yanaishia mlangoni kwa nani.