*TAARIFA YA TAWI: X YA KIJANI NI DENI, ILIPWE*



Tangu alama za X zionekane kwenye kuta za nyumba za kando ya barabara kuu, simu ya ofisi haitulii. Swali ni moja: tutalipwa au hatulipwi? Jibu limo kwenye maana ya maneno mawili ndani ya sheria: *hifadhi ya barabara*.

Zamani hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 na kanuni zake za 2009 zikaifikisha mita 30. Ugomvi wote umo kwenye hizo mita 7.5. Aliye ndani ya 22.5 anapigwa X nyekundu, anahesabika mvamizi, hana fidia. Aliye kati ya 22.5 na 30 anapigwa X ya kijani. Huyu hakuifuata barabara, barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili fidia.

Lakini si kila barabara ni mita 30. Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 kilitumika kipimo cha mita 121.5 kila upande. Barabara za wilaya, zilizo chini ya TARURA, hifadhi yake ni nyembamba kuliko za TANROADS. Kwa hiyo kwanza ulizeni: hii ni barabara ya daraja gani, na katikati yake ni wapi?

Msimamo wetu ni huu. Mwenye X ya kijani anaambiwa asiendeleze eneo. Hakarabati, mpangaji anahama, benki haiitaki nyumba kama dhamana, na siku ya malipo hakuna anayeitaja. Kwa mtu wa hesabu hilo ni deni lisiloandikwa kitabuni. Ibara ya 24 ya Katiba inataka fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi inataka ilipwe kwa wakati. Kanuni ziweke ukomo wa miezi. Ukipita bila malipo, alama ifutwe na mwenye nyumba aendelee na ujenzi.

Wenye nyekundu msikate tamaa kabla ya kupima. Futi kamba ya mita 50 ipo ofisini.

Jumamosi saa 4 asubuhi njooni ofisi ya tawi na nakala za hati au mkataba wa mauziziano, na picha ya alama. Tutaorodhesha nyumba kwa nyumba, kisha tumpelekee Diwani.

_Katibu wa Tawi_