Ruta haikai kabatini
Wiki iliyopita nilimtembelea shangazi yangu Mji Mkongwe, Unguja, nikamkuta mjukuu wake ameketi barazani na simu, maana chumbani darasa la mtandaoni lilikuwa linakatika kila mara. Walishaambiwa wanunue kifurushi kikubwa zaidi. Nilichomeka waya wa ruta kwenye kompyuta: kasi iliyokuwa inaingia ilikuwa nzuri tu. Ugonjwa ulikuwa humo ndani. Ruta ilikuwa imefungiwa kabatini nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma isipate vumbi, na kuta za nyumba ile ni za mawe na chokaa, nene kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mawimbi ya ruta ya gigahezi 5 yana kasi, lakini ukuta wa namna hiyo huyamaliza, ya 2.4 hupenya zaidi, ila ndiyo yanayogombaniwa na majirani wote. Tuliitoa, tukaipandisha juu ya rafu ukumbini, nikaihamisha kutoka chaneli ya 6 iliyosongamana hadi ya 1. Chumba cha nyuma bado kiligoma, tukavuta waya hadi kwenye ruta ya pili. Inaniuma sana familia kuuziwa bando kubwa kwa tatizo la kabati. Fundi anayekuja kufunga huduma azunguke kwanza vyumba vyote, simu mkononi, apime, ndipo atoboe ukuta. Yule mjukuu sasa anasomea mezani kwake, mlango ameufunga.