Goma: kwenye lava, udongo wa kituo cha umeme upimwe, usidhaniwe

Tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme wa nguvu ulikatika na kuanguka kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama wauzaji. Umeme ukitoroka, unatafuta njia ya kuingia udongoni, na mtu anaweza kuwa njia hiyo.

Njo maana chini ya kila kituo cha nguvu kubwa kunazikwa waya za shaba: zinapitisha umeme uliotoroka, ili kifaa cha ulinzi kiukate haraka. Lakini waya hizo hazionekane. Viungo vinaoza, shaba inaibiwa, na taa zinaendelea kuwaka kama kawaida. Kasoro inajulikana siku ya ajali.

Kwa Goma hatari inazidi. Sehemu za mji ziko juu ya lava ya Nyiragongo, na lava kavu haipitishe umeme vizuri. Chuma kimoja kinachotosha kwenye udongo wenye maji, hapa kinaweza kushindwa.

Dawa ni kupima. Fundi anachomeka vyuma viwili mbali na kituo, anatuma umeme kidogo, anasoma ohm. Vituo vikubwa vinalenga ohm 1 ao chini. Apime pia uzio, ju njo wapita njia wanaugusa. Na apime wakati wa kiangazi: udongo wenye mvua unaonyesha namba nzuri kuliko ukweli.

Wakaaji wanaolipa umeme wana haki ya kuuliza: kipimo cha mwisho kilifanywa lini, na kilitoa ohm ngapi?